Mizani Moja kwa Vitabu Viwili

Safari yangu ya mwisho nyumbani ilinifikisha Somanga, pale mabasi ya Lindi yanaposimama na abiria kununua samaki. Kijana mmoja, aliyeingia katika Jumuiya hivi karibuni, alinijia kwa furaha: "Maalim, nimemnyamazisha mwalimu wa Kikristo mbele za watu!" Mkononi alikuwa na karatasi ya aya za Biblia zinazopingana, kama arobaini hivi. Nikamwuliza, "Naye alikujibu nini?" Akasema mwalimu yule aliuliza kwa nini Kurani Tukufu mahali pamoja yasema siku ya Mungu ni miaka 1,000 na pengine miaka 50,000. "Nikamwambia asome maneno ya kabla na ya baada." Jibu hilo ni sahihi, kwani Sura Al-Hajj yazungumzia adhabu iliyodhaniwa kuchelewa, na Al-Maarij kupanda kwa malaika. Lakini je, yeye mwenyewe alikuwa amesoma kabla na baada ya zile aya arobaini? Hakuwa amesoma.

Ndugu msomaji, hitilafu kati ya maandishi mawili huthibitisha nini? Sisi wa pwani ya Kilwa tunao mfano mlangoni petu. Habari za kuanza kwa usultani wa Kilwa zimetufikia kwa njia mbili: kitabu cha Kiarabu, na maandishi ya Mreno João de Barros yaliyochapwa mwaka 1552. Kile cha Kiarabu chasema mfalme wa Shiraz alikuja na wanawe sita katika vyombo saba. Mreno asema alikuja mwana mmoja, Ali, kwa vyombo viwili. Wote wawili wasema kisiwa kilinunuliwa kwa nguo. Hakuna mwenye akili adaiye kwa sababu hiyo kwamba Kilwa haikuwa na wafalme. Twasema tu kuwa wasimulizi ni wanadamu, wala hatuoni haya, maana hapana aliyedai kwamba habari hizo ziliteremshwa.

Basi uzito wa hitilafu hutegemea dai la kitabu. Chukua umri wa mfalme Ahazia. Wafalme wa Pili (8:26) chasema alianza kutawala akiwa na miaka 22; Nyakati wa Pili (22:2), katika Kiebrania, chasema 42, ilhali baba yake alikufa akiwa na miaka 40! Hata hivyo tafsiri ya kale ya Kisiria ina 22, na wataalamu wengi wa Kikristo hukiri kwamba mnakili aliteleza. Hoja hii humwangusha yule tu adaiye kwamba kila herufi imehifadhiwa. Kwa mwingine ni kelele.

Kifo cha Yuda ni jambo jingine. Kwa Mathayo (27:3-8) alizirudisha fedha, akajinyonga, na makuhani wakanunua konde. Kwa Matendo (1:18-19) yeye mwenyewe alilipata konde, akaanguka, akapasuka. Wakristo tangu zamani hujibu kwamba kamba ilikatika, na kwamba alihesabiwa mnunuzi kwa kuwa fedha zilikuwa zake. Tuwasikilize, kama nasi tuombavyo kusikilizwa. Lakini jina la Konde la Damu labaki palepale: Mathayo alieleza kwa fedha iliyokuwa bei ya damu ya Yesu, Matendo kwa mauti ya Yuda mahali pale. Hapa hakuteleza mnakili. Ni mapokeo mawili. Akubaliye hivyo aweza kuisoma Injili na kufaidika nayo, ila hawezi tena kusema kila neno lake ni la Mungu.

Mizani hiyo na itupime nasi. Wanazuoni wengi wa Kiislamu, walipoona aya mbili kama zapingana, walisema moja imeifuta nyingine. Hesabu ya zilizofutwa ilifika mamia; Shah Waliullah wa Delhi akazibakiza tano. Seyyidna Ahmad (a.s.) alifundisha kwamba hata moja haikufutwa. Mafundisho hayo yametuzibia mlango wa kutorokea, kwani kila aya yatupasa kuieleza mahali pake. Nami nakiri kwamba kazi hiyo ni nzito kuliko kuandika orodha.

Kijana aliniuliza basi amwambie nini mwalimu yule. Nilimshauri amwendee nyumbani, si kituoni penye wauza samaki, na achukue habari ya konde peke yake. Karatasi yake aliniachia.