Ahadi ya Mwenye Nguvu

Je, ahadi humfunga mwenye nguvu, au humfunga mnyonge peke yake? Natuizingatie Andalusi.

Mwezi wa Novemba 1491 Mfalme Ferdinand na Malkia Isabel waliwaandikia Waislamu wa Granada mkataba: misikiti yao isiguswe, na mashauri yao yahukumiwe na makadhi wao kwa sharia yao. Januari 1492 mji ukasalimu amri. Mwaka 1499 Askofu Mkuu Cisneros akaanza kuwatia watu katika Ukristo kwa nguvu. Nao walipoasi, uasi wao ukafanywa hoja ya kuuvunja mkataba. Mwaka 1502 Waislamu wa Castile wakahiyarishwa: ubatizo au kuhama.

Lakini insafu yatutaka tuseme na ya kwetu. Katika karne ya 12 Muwahhidina, Waislamu wenzetu, waliivunja dhima ya Mayahudi na Wakristo katika nchi hiyo hiyo. Jamaa ya Musa bin Maimun wakauhama mji wao wa Cordoba.

Wavunjaji wote hao walidai kuwa waitumikia dini. Basi ahadi haipimwi siku ya kuandikwa. Hupimwa siku ambayo mwenye nguvu aweza kuivunja asiulizwe na mtu. Na Mwislamu ajua kuwa yuko wa kumuuliza.