Ujira wa Shamba Lisilolimwa

Twafundishwa tangu utoto kwamba kumnyima mfanyi kazi ujira wake ni dhambi kubwa mbele za Mungu. Lakini serikali ikitoa fedha ili kazi isifanywe, ujira huo ni wa nani? Swali hili liliulizwa huko Marekani katika mashamba ya pamba, na kwa jinsi lilivyojibiwa, watu wengi walipoteza makao yao.

Mwaka 1933 bei ya pamba ilikuwa imeanguka sana, maana pamba ilikuwa nyingi na wanunuzi wachache. Rais Franklin Roosevelt akatia sahihi sheria ya kuwalipa wakulima wapate kupunguza mashamba. Lakini mbegu zilikuwa zimekwisha kuota. Kwa hiyo katika kiangazi cha mwaka ule eka kama milioni 10 za pamba zilifukiwa kwa plau. Yasemwa kwamba nyumbu waliokokota plau walikataa kuikanyaga pamba, kwa kuwa siku zote walikuwa wamezoezwa kupita katikati ya mistari. Mimi siwacheki nyumbu hao. Walakini sisemi kwamba serikali ilikosa, kwani mwenye shamba naye alikuwa na madeni yake, na bei ilipopanda wengi walipata nafuu.

Ila katika majimbo ya kusini wengi wa walimaji hawakuwa na ardhi. Mtu alikaa na mkewe na wanawe katika shamba la mwingine, akalima, kisha mavuno yakagawanywa baina yake na mwenye ardhi. Fedha za serikali zilipokuja, fungu kubwa lilikwenda kwa mwenye ardhi, na mlimaji akapata kidogo mno. Tena, shamba likipunguzwa, watu nao huzidi. Mapatano yalimtaka mwenye ardhi aweke, kwa kadiri iwezekanavyo, hesabu ile ile ya walimaji. Hayakusema wazi kwamba wawe watu wale wale! Hivyo mtu angeweza kumfukuza aliyemlimia miaka kumi, akamweka mgeni mahali pake, na hesabu isipungue. Mwaka 1935 wanasheria kadha wa idara ya kilimo walishika kwamba maana yake ni watu wale wale. Nao wakaondolewa kazini.

Katika wilaya ya Poinsett, jimbo la Arkansas, watu 18 walikuwa wamekwisha kukutana mwezi wa Julai 1934, wazungu 11 na weusi 7, wakaunda chama cha walimaji wasio na ardhi. Kwa nchi ile na siku zile, kukaa pamoja namna hiyo kulikuwa jambo la hatari.

Mwenye shamba alikuwa na neno lake: Ardhi ni yangu, kodi nalipa mimi, na fedha hizi ni badala ya ardhi yangu kulala. Neno hili si bure. Lakini tufikiri vema. Serikali haikununua ardhi, ilinunua kule kutolima. Basi ni nani aliyeacha kulima? Mikono ya mwenye shamba haikushika jembe hata zamani. Mikono iliyoachishwa kazi ni ya mlimaji, na chakula kilichopungua kilipungua mezani pake. Ikiwa kuna aliyeuza kitu katika biashara ile, huyo naye aliuza, na malipo yakapokewa na mwingine.

Baadaye sheria mpya ya mwaka 1938 iliwaongezea walimaji fungu lao. Ndipo katika jimbo la Missouri wenye mashamba wengi wakaona ni heri kutokuwa na walimaji kabisa, wakaajiri vibarua wa siku, wasiohesabiwa katika kugawana. Mwezi wa Januari 1939, wakati wa baridi kali, watu zaidi ya elfu moja walikaa kando ya barabara kuu pamoja na vitanda, masufuria na watoto wao, magari yakipita.