Kumsikia na Kumwona Mwimbaji

Kupenda wimbo ni jambo jepesi, kwa sababu wimbo hauna kauli ya kumjibu aupendaye. Ukiuita usiku wa manane huja, ukiukatiza katikati ya ubeti hunyamaza, na ukiurudia mara kumi hukutii mara zote kumi. Lakini wimbo una mwenyewe, na mwenyewe ni mtu mwenye damu. Siku utakapomkuta ameketi mbele yako na gita lake, msomaji mpenzi, mapenzi yako yatatiwa katika mizani ambayo redio haikuyatia hata siku moja. Swali ninalotaka tulitafakari pamoja ni hili: wimbo ukiisha kutoka kinywani mwa mtunzi na kuingia masikioni mwa watu, ni wa nani? Na yule aupendaye, anadaiwa nini na aliyeutunga?

Sisi tulio wenyeji wa Kakamega na kandokando yake hatuna njia ya kulikwepa swali hili, maana nchi yetu imezaa wapiga gita kama ilivyozaa mahindi na miwa. Katika miaka ya 1950 alitokea Kisa kijana aliyeitwa George Mukabi, ambaye sauti ya gita lake ilifika mbali kuliko miguu yake ilivyoweza kufika. Mtindo wake huitwa omutibo. Kidole gumba hutembea juu ya nyuzi nene kama mtu aendaye safari bila haraka, na kidole cha shahada hudonoa nyuzi nyembamba kama kuku uani. Kando yake mwenzi hukwaruza chupa ya Fanta yenye mistari, na chupa hiyo ndiyo ngoma. Kutoka Bunyore walitokea Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola, walioitwa Abana ba Nasery, nao wakafika mpaka Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990 pamoja na magita yao na chupa yao. Katika watu wa Vihiga alitoka Daudi Kabaka, aliyezaliwa mwaka 1939, ambaye aliyatia katika Kiswahili chepesi mambo ambayo watu wazima walikuwa wakiyasema kwa kunong'ona.

Hivyo ndivyo mtoto wa huku hukua akiwa na mwimbaji wake, kama alivyo na mjomba wake. Nami nilikuwa na wangu. Jina lake silitaji, maana yungali hai na hakunituma nimwandike. Baba yangu alikuwa na kanda yake moja, na mama alizoea kuimba viitikio vyake alipokuwa akipura maharagwe. Nilizijua nyimbo zile kabla sijajua kusoma. Nilikuwa mtu mzima, nimekwisha kutoka chuo cha ualimu na kupewa darasa la kufundisha, ndipo nilipopata habari kwamba mzee yule atapiga gita katika ukumbi mmoja usio mbali na mji wa Kakamega. Nilitoa shilingi mia mbili mlangoni, nikaketi safu ya tatu.

Katika fikira zangu alikuwa mtu mrefu. Aliyetoka nyuma ya pazia alikuwa mfupi, amevaa koti ambalo mikono yake ilimfunika vidole, akasaidiwa kupanda jukwaani na kijana aliyebeba chupa. Akaanza kulinganisha nyuzi za gita lake. Ukumbi ulikuwa na kelele, kwa hiyo aliegemeza sikio juu ya ubao wa gita, akakaza uzi mmoja, akasikiliza, akaulegeza, akausikiliza tena. Kazi hiyo ilichukua muda wa kutosha kusonga ugali. Watu walianza kuguna. Lakini mimi niliona jambo ambalo kanda haikupata kuniambia: kwamba kabla ya wimbo kuwa tamu kuna kazi ya mikono isiyo tamu hata kidogo, na mtu aliyeifanya kwa zaidi ya miaka arobaini bado hairuki.

Aliimba nyimbo mbili, kisha akaingia katika ule ambao kila mtu alikuja kuusikia, wimbo wa kumposa msichana. Sauti ilikuwa nzito kuliko ya kanda, na mwendo ulikuwa wa polepole. Alipofika mahali pa kiitikio hakukiimba. Alitia ubeti ambao hakuna aliyeujua. Hapo kijana mmoja wa safu za nyuma akasimama akapaza sauti: "Siyo hivyo, mzee!" Ukumbi mzima ulicheka. Mzee aliziziba nyuzi kwa kiganja, akamtafuta kijana kwa macho mpaka akamwona, akasema bila hasira: "Mjukuu wangu, ule unaoujua niliuimba mama watoto akiwa hai. Huu ndio wa leo." Kisha akaendelea palepale alipoachia. Yule kijana aliketi, na alikaa mpaka mwisho.

Nimelifikiri neno la kijana yule mara nyingi kuliko nyimbo zote za usiku ule. Mtu amwambie mtunzi kwamba wimbo wake mwenyewe hauendi hivyo! Ni kama mgeni kumwambia mwenye nyumba kwamba mlango hauko upande ule. Walakini tusiwe wepesi wa kumcheka. Kijana alikuwa na haki yake, na kama ningepewa kazi ya kumtetea ningesema hivi: Alilipa fedha. Alikuja kutafuta kitu anachokijua, si kitu kigeni. Zaidi ya hayo, wimbo ule ulikuwa umekaa naye. Huenda aliusikia siku ya arusi ya dada yake, au ndani ya matatu siku alipokwenda kutafuta kazi asiipate. Siku hizo zote mzee hakuwapo. Wimbo ulikuwapo. Kwa nini basi mzee aje leo aubadilishe, kana kwamba maisha ya kijana yaliyoshonwa ndani yake si kitu?

Hoja hiyo ina nguvu, na mtu asiyeiona nguvu yake hajapata kupenda wimbo. Kosa lake liko mahali pengine. Kijana alidhani kwamba wimbo wa kanda ndio wimbo, na ule wa jukwaani ni nakala iliyoharibika. Mambo ni kinyume. Zamani za santuri, upande mmoja wa santuri ya kawaida ulichukua muda wa dakika tatu hivi tu. Mpiga gita aliyezoea kuimba karamuni mpaka pombe iishe, akimtaja huyu na kumtania yule, aliingia studio akaambiwa akate. Alikata. Akachagua beti mbili au tatu, akaziacha nyingine, na hizo alizozichagua siku moja ya haraka ndizo zilizogeuka kuwa sheria kwa wajukuu. Santuri ni kipande cha nguo, na sisi tumekiita joho.

Ukitaka ushahidi, kaitazame isukuti ya Isukha na Idakho, ngoma ambayo mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiandika katika orodha ya mali za urithi zinazohitaji kuokolewa upesi. Kiongozi wa isukuti haimbi matangani yale aliyoyaimba arusini, wala haimbi arusi ya leo kama ya jana. Hutazama ni nani aliyefiwa na ni nani aliyeoa, kisha maneno hufuata watu. Hakuna mtu anayesimama kumwambia, "Siyo hivyo." Angefanya hivyo angeonekana hajui alipo.

Sasa je, tuseme kwamba wimbo ni wa mtunzi peke yake, naye aweza kuufanya apendavyo? Napo hapo siwezi kukubali moja kwa moja. Chukua wimbo wa "Malaika". Fadhili William aliurekodi, na dunia ikaujua kwa jina lake. Lakini wengine nao walidai kuwa ndio watunzi, na ugomvi huo haukuzikwa pamoja naye alipofariki mwaka 2001. Miriam Makeba aliuimba, Harry Belafonte aliuimba, na kundi la Boney M. likaufanya wa kuchezea dansi. Kila mmoja aliupinda kidogo. Kama wimbo ungekuwa mali ya mtunzi kama ng'ombe alivyo mali ya mwenye zizi, wote hao wangekuwa wezi wa kitu ambacho hata mwenyewe hajulikani kwa hakika. Lakini wengi wetu tumefurahi kwamba waliuimba.

Au chukua "Helule Helule" ya Daudi Kabaka. Mwaka 1968 vijana wa Uingereza walioitwa The Tremeloes waliuimba wimbo huo, ukanunuliwa sana kwao. Fikiri msichana wa mji wa Uingereza aliyeucheza jioni moja mwaka ule. Hakujua Vihiga iko wapi. Hakujua kwamba kuna mtu aitwaye Kabaka. Furaha yake ilikuwa ya kweli, singependa kumpokonya. Ila furaha ile ilikosa kitu kimoja, nacho ndicho ninachokitafuta tangu nilipoanza kuandika: hapakuwa na mtu wa kumwambia msichana yule, "Hapana."

Hapo ndipo naona tofauti ya kumsikia mwimbaji na kumwona. Kanda haikatai. Simu iliyomo mfukoni mwako ina nyimbo elfu na hakuna hata mmoja unaoweza kukwambia, "Leo siimbi hivyo, maana leo nina msiba." Mtu aliye hai mbele yako aweza kukataa. Aweza kuchoka. Aweza kuimba polepole kwa sababu mifupa ni mizee, au kuruka kiitikio kwa sababu yule aliyeimbiwa hayupo tena. Na mapenzi yasiyopata kukutana na neno hapana bado hayajajua kama yanampenda mtu au yanajipenda yenyewe. Kijana wa ukumbini alipoambiwa neno lile, alikuwa na njia mbili: kutoka nje na kurudi kwenye kanda yake, ama kuketi na kusikiliza ubeti mpya. Aliketi. Kwa maoni yangu, dakika ile ndiyo ya kwanza aliyompenda mwimbaji wake, na miaka yote ya nyuma alikuwa akipenda kumbukumbu zake mwenyewe. Kumbukumbu ni kitu chema. Lakini si mtu.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza, je, kama mwimbaji ni mtu wa tabia mbaya? Nilimjibu kwamba kumwona kunasaidia hapo pia, maana watu wengi humfanya mwimbaji malaika kwa sababu hawajamwona akitoa jasho. Asiyekuwa malaika machoni petu hatuna haja ya kumgeuza shetani siku akikosa.

Kwetu wako watu wanaolipa deni kwa kutuza. Mtu hutoka katika umati, akicheza taratibu, akaweka noti katika paji la uso wa mpiga gita au ndani ya tundu la gita lenyewe, na mpiga gita humrudishia jina lake ndani ya wimbo. Walimu wenzangu wengine huliona jambo hili kuwa la majivuno, na kweli wapo wanaotuza ili watajwe tu. Mimi naliheshimu. Mwenye kutuza hawezi kutuza kanda. Hana budi kumkaribia mtu, amtazame usoni, aone kwamba vidole vinatetemeka. Nikilinganisha na mtindo wa sasa wa kuinua simu kati ya macho na mwimbaji, ili tukamtazame nyumbani yule ambaye yuko hapa, naona wazee walijua walilolifanya.

Imebaki habari ya wale wasioweza kukataa tena. George Mukabi alikufa mwaka 1963, angali kijana. Hakuna awezaye kumwona. Mwaka 2017 mkusanyo wa nyimbo zake ulitolewa Marekani kwa jina la "Furaha Wenye Gita", na watu wa mbali wakamsikia kwa mara ya kwanza, zaidi ya miaka hamsini baada ya kaburi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi katika uhai wake na miaka 50 baada ya kufa. Kwa hesabu hiyo muda wa Mukabi umekwisha kupita, na yeyote aweza kuziimba tungo zake bila kumwomba mtu ruhusa. Sheria imefanya kazi yake. Deni, je, nalo limekwisha?

Darasani kwangu, kidato cha tatu, swali hilo lilitugawa mafungu mawili. Fungu moja lilisema Mukabi aimbwe kama alivyoimba, neno kwa neno, maana hayupo wa kujitetea, na kumbadilisha asiyeweza kusema hapana ni kumwonea. Fungu la pili lilisema kwamba hilo ndilo kumzika mara ya pili. Kwamba yeye mwenyewe angekuwa hai angekuwa amekwisha badilisha beti zake mara mia, na anayepiga omutibo leo Kisa akitia ubeti wa siku hizi anafanya alilolifanya yeye. Moyo wangu uko upande wa fungu la pili, ila hoja ya kwanza hunisumbua kila ninapotaka kuiacha, hasa lile neno la kumwonea asiyeweza kujibu.

Lakini wapo wanaoweza kujibu. Kisa na Bunyore, Butsotso na Marama, wako wazee ambao hawakuingia studio hata siku moja, na magita yao yametundikwa ukutani juu ya kitanda. Ukimkuta mmoja wao karamuni, usimtajie wimbo unaoujua. Mwulize ana upi wa leo, kisha uvute kiti karibu, maana atachukua muda kulinganisha nyuzi.