Nyasi za Hirola: Ni Chambo au Ni Sadaka?

Andiko la kusoma nyumbani: Yeremia 14:1-6, Kutoka 23:10-11, Yohana 6:1-27



Nabii Yeremia alipoeleza ukame wa Yuda hakuishia kwa watu. Alianza nao, ndiyo. Vijana wanatumwa kisimani na wanarudi na vyombo vitupu, wakulima wanaona aibu mbele ya ardhi iliyopasuka. Lakini akaendelea mpaka kwa mnyama ambaye hana mwenyewe. Anatuonyesha jike la porini lililotoka kuzaa, linaondoka na kumwacha mtoto chini kwa kukosa majani ya kula. Sisi tuliokuwa huku Kaskazini Mashariki kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ikipita bila mvua ya maana, hatuhitaji mhubiri wa kutufafanulia mistari hiyo. Mizoga tuliiona. Desemba 2021, picha ya twiga sita waliokufa kule Sabuli, Wajir, ilizunguka dunia nzima. Walikuwa wamefuata maji kwenye bwawa lililokaribia kukauka, wakakwama kwenye matope.

Sasa, kazi yangu mimi ni trekta. Wengi wenu mnanijua kwa hilo, maana nimewalimia mashamba yenu kando ya Mto Tana. Mwaka jana kikundi cha wafugaji upande wa Ijara kiliniita nikawapasulie ardhi wapande nyasi. Nikauliza, za ng'ombe? Wakasema sehemu kubwa ni ya ng'ombe, lakini kipande kimoja, ekari nne hivi, ni cha hirola. Niliposimulia hayo kwenye ibada ya nyumbani, ndugu mmoja akaniuliza swali ambalo bado linatembea hapa kanisani: dizeli ya kulimia swara inapatikana, na mjane wetu hana unga. Hiyo ni haki?

Kuna waliotaka kumjibu haraka kwa kumkumbusha Yuda, aliyelalamika kwamba yale marhamu yangeuzwa na pesa wapewe maskini. Mimi sikubaliani nao. Yuda maandiko yanasema alikuwa mwizi wa mfuko. Ndugu huyu ndiye anayebeba unga wa wajane mgongoni mwake. Tusitumie Neno kumnyamazisha mtu anayewatetea maskini. Ameuliza vizuri, ajibiwe vizuri.

Kwanza, hirola ni nani? Ni swara wa rangi ya mchanga, ana mstari mweupe unaozunguka macho kama miwani, na chini ya macho ana tezi kubwa hata watu humwita swara wa macho manne. Nje ya hapa kwetu kusini mwa Garissa na mpaka wa Somalia, na wale wachache waliopelekwa Tsavo Mashariki, hayuko popote pengine duniani. Miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa zaidi ya 10,000. Miaka ya 1980 sotoka ikawafyeka pamoja na ng'ombe. Leo hawafiki 500. Sotoka yenyewe ilitangazwa kumalizika duniani mwaka 2011, lakini hirola hawakurudi, na sababu mojawapo ni nyasi. Dkt. Abdullahi Ali, mzaliwa wa huku Garissa aliyeanzisha Mpango wa Uhifadhi wa Hirola, ameonyesha pamoja na wenzake kwamba mahali palipokuwa uwanda wa nyasi pamegeuka vichaka. Ndovu waliokuwa wakiangusha miti waliuawa, mifugo ikazidi, miti ikajaa. Hirola ni mla nyasi. Kichaka hakimsaidii kitu.

Na msifikiri wenyeji hawamjali. Mwaka 1996 serikali ilipotaka kuwahamishia hirola wengine Tsavo, wakazi wa huku walikwenda Mahakama Kuu na wakapata amri ya kuzuia. Hebu fikiria: watu wenye shida zote hizi za barabara, maji na usalama, wanapanga safari ya mahakamani kwa ajili ya swara! Mzee mmoja kule Ijara aliniambia, "Dereva, sisi tulimkuta hapa. Siku akiondoka, ng'ombe wetu nao watamfuata." Mwaka 2012, kule Ishaqbini, hirola 48 walitiwa ndani ya uzio wa kuzuia simba na wanyama wengine wakali, na jamii ndiyo iliyotoa ardhi.

Nirudi kwenye kazi yenyewe, maana wengine mnadhani ni kumwaga mbegu tu na kuondoka. Udongo ukikaa miaka bila nyasi hufunga juu kama sakafu ya saruji. Mvua ikija inateleza na kwenda zake. Kazi ya trekta ni kuvunja ule ukoko. Sikugeuza udongo kama wa mahindi. Nilipasua mistari kwa meno ya chuma, kukingama na mteremko, ili maji yasimame humo na kuzama. Vijana walikuwa wameshafyeka vichaka kwa panga kabla sijafika, lakini miiba ilibaki, na siku ya kwanza pekee nilipata pancha mbili. Mbegu ni za nyasi za kienyeji. Mojawapo ina kichwa cha manyoya kama mkia wa mbweha, wataalamu wanaiita Cenchrus ciliaris. Ni nyepesi, ina nywele, ukiitia kwenye mashine ya kupandia inaziba matundu. Kwa hivyo kina mama waliichanganya na mchanga kwenye ndoo wakaitawanya kwa mkono, nami nikapita nikiburuta tawi la mti nyuma ya trekta kuifunika kidogo tu. Ukiizika sana haitoki. Tena mbegu iliyovunwa leo haioti kesho. Lazima ilale ghalani miezi kadhaa.

Dizeli niliyotumia kwa zile ekari nne haikufika lita 30. Ndugu yangu akiniambia lita hizo zimetolewa mdomoni mwa mjane, nitamwomba pia ahesabu tunachochoma hapa kila wiki kwenye jenereta ya spika, ambazo Mungu anajua zingeweza kupunguzwa sauti na bado tukasikika hadi barabarani.

Lakini hesabu ya lita si jibu la kutosha. Jibu liko Kutoka 23. Mwaka wa saba mwenye shamba aliambiwa aiache ardhi, maskini waingie wale, na watakachobakiza kiliwe na wanyama wa porini. Tazama vizuri. Shamba ni moja. Maskini ametajwa kwanza, mnyama amefuata, na anayeagizwa kulegeza mkono ni mwenye mali. Sisi tumegeuza hiyo habari. Tumemtoa mwenye mali kwenye picha, tukamwacha mjane na swara wakigombania makombo, halafu tunauliza nani ana haki zaidi.

Na utaratibu huo niliuona ukifanya kazi. Kiangazi kilichofuata, mama mmoja alifika kwenye kile kipande na mbuzi saba, mbavu zao zinahesabika. Vijana walinzi wakataka kumfukuza. Wazee wakasema hapana, lakini mbuzi wasiingie, kwa sababu mbuzi wakiingia nyasi changa zitang'olewa na mizizi na mwakani hakuna wa kula, si mbuzi si hirola. Wakampa mundu akate mwenyewe, mizigo miwili kila siku, abebe akawalishe nyumbani. Mimi ningempa mitatu. Hata hivyo nilipenda kwamba hawakumwambia, ati, hizi si zako.

Swali ambalo limenisumbua zaidi kuliko la dizeli ni lingine. Kule Marekani kuna watu wenye vitrekta vidogo ambao kila mwaka hulima vipande vya ardhi kando ya msitu, wakapanda klova, oti na tanipu kwa ajili ya kulungu. Kwa macho, ni kazi ileile ninayofanya mimi. Unalima, unapiga haro, unamwaga mbegu, unangoja mvua. Kulungu huja jioni, hula, hunenepa. Majira ya kuwinda yakifika, mwenye shamba anapanda kwenye kiti alichofunga mtini, bunduki mkononi, anangoja aje kula. Simhukumu. Nyama ni chakula, Noa na wanawe waliruhusiwa, na kulungu wa huko ni wengi, si kama hirola. Wapo hata wanaopanda wapate tu kuwatazama. Lakini huwezi kusema umemlisha samaki kwa kumning'inizia mnyoo kwenye ndoana. Hicho ni chambo, hata kama mnyoo ulikuwa mtamu.

Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo hakuna anayepanda nyasi za hirola akitarajia kumla. Je, basi hiyo ni sadaka safi? Nisiwadanganye. Hirola wana faida zao: wafadhili, wageni, ajira za walinzi, na mimi mwenyewe nililipwa kwa kulima. Sioni ubaya. Faida ikija, ije. Kipimo changu ni kingine: huyo mnyama akila na kwenda zake, ukakosa kumwona tena, je, utasema umeibiwa? Aliyeweka chambo atasema ndiyo, na mchungu atauona.

Yesu alilisha watu 5,000 na kesho yake akawaambia wazi kwamba wanamtafuta kwa sababu walishiba mikate. Alijua. Alijua hata kabla hajaumega. Hakuwaketisha kwanza aandike majina ya watakaobaki. Na wale wenye ukoma kumi wa Luka 17, alirudi mmoja tu, tena mgeni, Msamaria. Aliuliza wale tisa wako wapi, naam, iliuma. Lakini sijasoma mahali ukoma uliwarudia.

Ndiyo sababu naandika makala hii wiki hii na si nyingine. Orodha mpya ya kugawa unga na maharagwe ambayo kamati imeandaa ina safu nne: jina, simu, idadi ya watoto, na "anashiriki wapi". Nimeambiwa ni kumbukumbu tu. Sawa. Lakini jiweke mahali pa mama Mwislamu wa mtaa wa pili, amekuja na watoto watatu, anasimama mbele ya meza ya kanisa na anaulizwa swali la nne. Atajibu nini? Na sisi tutafanya nini na jibu lake mwezi ujao unga ukipungua? Hapo ndipo ninapoiona ndoana.

Mtu atasema, sasa Injili je, tunyamaze? La hasha. Tuihubiri kwa mdomo, mchana, kwa jina lake. Anayetaka kusikia asikie akiwa ameshiba, awe na nguvu hata ya kukataa.

Mwingine atasema, wewe dereva umesahau. Sijasahau. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa pale Chuo Kikuu cha Garissa, na wauaji waliwatenga wanafunzi kwa dini yao. Kuna viti hapa kanisani ambavyo nikivitazama najua nani alikuwa akivikalia. Lakini Desemba ya mwaka huohuo, karibu na El Wak kule Mandera, wauaji wa namna ileile walisimamisha basi wakaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi pale na akafa Januari 2016 kwa majeraha hayo. Waliokuwa wakiuliza swali la dini siku ile walikuwa wenye bunduki. Mimi sitaki meza yetu ya unga iulize swali lao, hata kwa kalamu, hata kwa upole, hata kwa kumbukumbu.

Kamati inakutana Jumatano baada ya maombi. Nitaomba safu ya nne ifutwe. Nitaomba pia kwamba ndugu aliyeuliza kuhusu dizeli ndiye asimamie ugawaji, kwa sababu hapa kwetu yeye ndiye anayejua nyumba ipi haijawasha moto tangu jana. Jenereta nayo tuijadili, tukipata muda. Kikundi cha Ijara kimeshaniambia mbegu ziko ghalani na wanataka kuongeza ekari mbili kabla ya mvua za Oktoba. Nitakwenda, na safari hii nabeba tairi mbili za akiba.