Reli Iliyosimama Kwenye Lango la Mkulima

Historia za reli hupenda ukubwa: milima iliyotobolewa, mito iliyovukwa, matajiri waliojenga majumba ya fahari kwa nauli za watu. Njia inayonishughulisha hapa haina sifa yoyote kati ya hizo. Ilikuwa reli fupi ya tramu za umeme katika kaunti ya Sonoma, kaskazini mwa San Francisco, huko California, Marekani. Ilianza kazi mwaka 1904, ikaunganisha Petaluma, Sebastopol na Santa Rosa, na mwaka uliofuata ikafika kijiji cha Forestville. Waliopanda walikuwa wafugaji wa kuku na wakulima wa matufaha, pamoja na watu wenye shughuli za kawaida mjini. Mayai yalikuwa kati ya mizigo yake mikuu. Hata hivyo, kila ninapoifikiria, naona inatufunulia tabia ya binadamu zaidi kuliko reli nyingi zenye majina makubwa.

Mji wa Petaluma uliishi kwa kuku. Lyman Byce, mzaliwa wa Canada, alikuwa ameiboresha hapo mashine ya kutotolea vifaranga mwaka 1879, na katika miongo iliyofuata mabanda ya kuku yakatapakaa vilimani mpaka mji ukajiita kikapu cha mayai cha dunia. Lakini yai ni mali isiyo na subira. Majira ya baridi huko ndiyo majira ya mvua, na barabara za udongo ziligeuka matope. Mkokoteni uliozama njiani uliweza kuvunja kazi ya wiki nzima. Treni za mvuke zilikuwapo, lakini garimoshi ni zito: kulisimamisha na kuliondosha tena kunagharimu nguvu na muda, kwa hiyo hulipa pale penye stesheni kubwa na mzigo mkubwa. Tramu, iliyovuta umeme kutoka kwenye waya uliotandazwa juu ya njia, iliondoka na kusimama kwa wepesi. Iliweza kusimama kwenye njia panda, karibu na lango la shamba, ikachukua makreti machache ya mayai na mama mwenye kikapu, kisha ikaendelea. Mayai yalifikishwa gatini Petaluma, yakapakiwa kwenye boti ya mvuke iliyosafiri usiku kwenda San Francisco.

Hapo ndipo fikra yangu hutua na kukaa. Mkulima mdogo amezoea kufuata huduma ilipo. Huifuata sokoni, hospitalini na ofisini, kisha husubiri mlangoni mpaka aitwe. Chombo kikubwa kinapokuja kusimama kwake, kwa ajili ya makreti yake matatu, anatendewa jambo ambalo hesabu za biashara hazilioneshi: anahesabiwa. Nauli alilipa, na kampuni ilitaka faida, hilo halina ubishi. Lakini kuna namna ya kutafuta faida inayomwona mtu mdogo, na kuna namna inayompita kwa kasi. Je, ni ipi kati ya hizo inayojengwa zaidi katika zama zetu?

Watu wa Sonoma waliijua tofauti hiyo, na waliipigania. Ili kuingia katikati ya mji wa Santa Rosa, reli ya umeme ilipaswa kukatiza njia ya kampuni ya mvuke ya California Northwestern, ambayo haikutaka mshindani. Tarehe 1 Machi 1905 mafundi walipokuja kuweka makutano ya reli, waliyakuta magarimoshi yamewekwa tayari kuwamwagia mvuke na maji ya moto. Vurugu ikazuka, na wananchi wakajitokeza upande wa tramu. Siwasifu kwa ngumi. Ninachokistahi ni kwamba waliiona njia ile kuwa yao, ingawa hati za umiliki hazikuwa na majina ya wengi wao. Mwishowe makutano yaliwekwa, na tramu zikaingia mjini.

Miaka ishirini na saba baadaye hali ilikuwa nyingine kabisa. Mwaka 1932 huduma ya abiria ilifungwa, na reli ikanunuliwa na Northwestern Pacific, kampuni iliyozaliwa kutokana na muungano ulioimeza California Northwestern. Mpinzani wa jana akawa mmiliki. Jamii iliyosimama mbele ya mvuke ilikuwa imehamia, mtu mmoja mmoja, kwenye gari lake binafsi. Nani atamlaumu mkulima aliyepata lori la kupakia mayai saa aitakayo? Uhuru huo ni wa kweli, na mimi siudharau. Ila kila aliyeshuka kwenye tramu kwa mara ya mwisho alipunguza kidogo uhakika wa yule asiye na gari: kibarua wa msimu, mzee asiyeona vizuri, binti aliyetaka kwenda mjini bila kuomba ruhusa ya mwenye usukani. Hakuna aliyekusudia kuwaacha. Waliachwa tu, na sijui kama kuachwa kwa namna hiyo kunauma kidogo kuliko kuachwa kwa makusudi.

Mizigo iliendelea kusafirishwa kwa umeme hadi mwaka 1947, kisha zikaja injini za dizeli, na katika miaka ya 1980 reli zenyewe ziling'olewa. Hapo kaunti ilifanya jambo ambalo nalipa uzito kuliko lolote katika habari hii. Njia ya reli iliyokufa kwa kawaida hukatwa vipande, kila jirani akasogeza ua wake, na baada ya kizazi kimoja haiwezekani tena kuiunganisha kwa bei yoyote. Sonoma iliziokoa sehemu ndefu za ukanda ule na kuzifanya njia za miguu na baiskeli, kati ya Santa Rosa na Sebastopol, na kutoka Sebastopol hadi Forestville. Moja imepewa jina la Joe Rodota, aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa idara ya bustani za kaunti. Asiye na gari anaweza tena kutoka mji mmoja hadi mwingine, ingawa kwa nguvu za miguu yake. Ukanda ni mwembamba, lakini katika sehemu hizo haujakatwa vipande, na kizazi kitakachotaka kuutumia kwa kazi nyingine hakitalazimika kuanza kwa kumwondoa mtu shambani kwake.