Uongo wa Milimita Mbili na Ushei

Aundaye mfano mdogo wa kitu ana deni kwa kitu hicho. Je, deni hilo hulipwa kwa vipimo au kwa uhai?

Kati ya 1952 na 1962 Uingereza iliunda injini 996 za dizeli za aina ya 08, zenye nguvu za farasi 350, kazi yao kusukuma na kupanga mabehewa stesheni. Wapenda mifano wamezisanifu upya mara kadhaa kwa kipimo cha 1 kwa 76. Fundi huhesabu kila ribiti, kila ngazi, kila kishikio. Kisha huiweka injini yake juu ya reli yenye upana wa milimita 16.5, ilhali haki yake ni 18.83. Ikikuzwa, njia hiyo hupungua takriban sentimita 18.

Kosa hili ni la urithi. Zamani mota hazikuenea ndani ya viwiliwili vyembamba vya magarimoshi ya Kiingereza; mafundi wakakikuza kiwiliwili, reli wakaiacha ilivyokuwa. Wapo waliokataa katakata, wakatandika reli ya haki. Hao wana ukweli, lakini injini zao hazipiti katika njia za jirani.

Mfasiri wa shairi anaijua njia panda hii: akishika mizani hupoteza neno, akishika neno hupoteza mizani. Kupunguza si khiana. Khiana ni kupunguza kisha ukaapa kuwa umetimiza. Fundi anayeutamka upungufu wake amelipa nusu ya deni. Nusu ya pili ni kutouzoea.