Nimebeba Jina la Mtu wa Kahe

Nilipoacha chuo, shosho hakunigombeza. Alisema tu, "Na vile umebeba jina la shujaa." Hiyo iliniuma kuliko matusi.

Shujaa mwenyewe ni kaka mkubwa wa babake. Alienda vita vya Wazungu, hakurudi. Kuhusu alikofia, shosho anajua neno moja: Kahe.

Kahe ni stesheni ya reli karibu na Moshi, Tanzania. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilipita hapo, na Waingereza walikuwa wakijenga yao kutoka Voi kupitia Taveta ili ziungane. Machi 1916 Jenerali Smuts alishambulia. Baada ya siku chache, askari wa Lettow-Vorbeck waliondoka usiku kuelekea kusini. Vitabuni, huo ni ushindi.

Lakini unga na risasi havikujipeleka. Vilibebwa na wapagazi wa Carrier Corps, wale walioiachia Nairobi jina la Kariokor. Wengi hawakwenda kwa hiari. Makumi ya maelfu walikufa, magonjwa yakiua wengi kuliko risasi. Pale Kenyatta Avenue mpagazi ana sanamu, ila hana jina. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba huenda watu 116,000 au zaidi, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekewa kumbukumbu ya majina yao.

Sasa tuwaite mashujaa? Naona kwa nini tunataka. Kifo kisicho na sababu ni kizito, na neno hilo hukipunguzia uzito. Lakini shujaa huchagua. Mtu aliyechukuliwa kwao kwa nguvu hakuchagua reli ya mtu. Tukimwita shujaa, tunamsafisha aliyemchukua.

Basi tunamdai nini, au yeye anatudai nini? Nadhani anadai kitu ambacho familia ililipa zamani bila mnara. Mtoto alizaliwa, akapewa jina lake. Halafu mwingine, hadi nikafika mimi. Hakuna aliyeuliza kwanza kama alishinda. Jina si zawadi ya ushindi. Ni kusema tu: ulikuwa hapa, na tuliona umekosekana.

Juzi nilimuuliza shosho huyo mtu alikuwaje kabla ya vita. Akafikiri kidogo. "Babangu alisema alikuwa mvivu wa kulima," akasema, "lakini kwa kuimba, hakuna aliyemshinda."

Nikacheka. Jina hilo naliweza.